Uso wa Fedha na Nia ya Fundi

Tunapohakiki sanaa za mikono, aghalabu twatazama umbo na nakshi, tukausahau uso wa madini yenyewe. Yafaa basi tuuchunguze uso huo katika mapambo ya fedha ya upwa wa Afrika Mashariki: kekee, mafurungu, vidani na pete. Je, mfua fedha ajaribupo mbinu ya kuing'arisha fedha au kuitia weusi, ni lini jaribio lake hulikuza pambo, na ni lini hulipotosha?

Kwanza tuyaelewe madini. Katika karne ya 19 fedha ya kufulia mapambo ya pwani hii, na ya Oman pia, ilipatikana sana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa wa Austria. Reale hizo, zilizoandikwa mwaka 1780 hata zilipopigwa baadaye, zina uzito wa gramu 28 hivi. Katika kila sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha. Zilizobaki ni shaba hasa. Fedha ya namna hiyo ikipashwa moto, shaba iliyo usoni huungana na hewa, na pambo huwa jeusi. Likichemshwa katika tindikali hafifu, weusi huyeyuka, na usoni hubaki tabaka jembamba la fedha safi zaidi. Kazi hiyo ikirudiwa, pambo hupata weupe mtulivu. Weupe huo haukupakwa, bali umetolewa katika madini yenyewe.

Weusi nao una kazi yake. Fundi akiipaka fedha dawa yenye salfa, kisha akaisugua, sehemu zilizoinuka hung'aa na mifuo ya nakshi hubaki myeusi, hata jicho likausoma kila mstari. Mbinu hii twaisifu, kwa kuwa yaitumikia nakshi. Lakini mbinu iyo hiyo yaweza kulifanya pambo la jana lionekane la karne iliyopita, ili mgeni alilipie bei ya ukale. Dawa haikubadilika, iliyobadilika ni nia, na mhakiki hana budi kuipima. Vivyo hivyo shaba iliyochovywa dhahabu kwa umeme: tabaka lake ni jembamba, na kwa kuvaliwa sana kingo huchubuka, shaba ikachungulia. Hatuiharamishi mbinu hiyo. Twataka mnunuzi aambiwe ukweli.

Huenda wengine wakadhani kwamba twamfunga fundi katika mambo ya kale. Sivyo. Wafua fedha wa Lamu huchukua vigae vya vyombo vya kaure, wakavitia katika pete za fedha. Hilo ni jaribio hasa, tena adilifu: kigae hakijifanyi kito, bali chaonekana kuwa kigae, na fedha yakizingira kwa heshima.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, chema hujiuza kwa mwenye kukijua. Fundi anayeshinda kutwa akifua na kusugua hushindana na pambo la kiwandani lililopakwa rangi. Tusipojua kuyatofautisha, tutayalipia sawa, na kijana anayejifunza kwake hataona sababu ya kuendelea. Kwa hiyo walimu wawafundishe wanafunzi kuligeuza pambo mkononi na kutazama kingo, maungo na upande wa ndani, kabla ya kulisifu au kulilaumu.