Kutoka Instat hadi R-Instat: Tarehe 29 Februari na Mwanzo wa Mvua za Msimu

Kata ya Shelui, iliyo chini ya mlima Sekenke kwenye barabara itokayo Singida kwenda Nzega, imo katika ukanda wa kati wa Tanzania unaopata msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kati ya Novemba na Aprili. Mkulima wa mtama au alizeti katika ukanda huo hasaidiwi sana na wastani wa mvua ya mwaka mzima, kwa kuwa anachotaka kujua ni lini mvua huanza kwa uhakika, hukatika kwa siku ngapi ikishaanza, na huisha lini. Maswali hayo hujibiwa kwa kumbukumbu za mvua za kila siku zilizowekwa kwa miongo kadhaa, na kwa miaka mingi programu iliyotumika kuyajibu katika taasisi nyingi za hali ya hewa barani Afrika ilikuwa Instat, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na Roger Stern na wenzake. Programu hiyo ilipozeeka, warithi wake walitokea kwa sehemu kubwa katika Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya, na namna walivyoirithi inastahili kuchambuliwa kwa sababu sehemu ngumu ya kazi yao ilihusu kalenda zaidi ya kompyuta.

Instat ilikuwa zao la kompyuta ndogo za miaka ya 1980: nyepesi, yenye amri fupi za kuandikwa, na baadaye menyu za Windows. Programu ya aina hiyo inapokosa mtu wa kuitunza haifi kwa siku moja, bali huendelea kufanya kazi katika kompyuta ile ile ya zamani hadi kompyuta yenyewe iharibike, na hapo ndipo inapogundulika kwamba toleo lake la DOS halifunguki kabisa katika Windows ya biti 64. Programu za kibiashara zinazodai leseni kila mwaka hazikuwa mbadala wa kutegemewa kwa vyuo vyenye bajeti finyu. Ilibaki R, lugha huria ya takwimu iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa, kwa sadfa inayoafiki mada hii, tarehe 29 Februari 2000. Ugumu wa R ni kwamba mtumiaji huandika msimbo, yaani maagizo ya hatua kwa hatua, jambo linalowakatisha tamaa wengi waliozoea menyu. Mwaka 2015 uliendeshwa mchango wa umma mtandaoni kwa jina la African Data Initiative, na matunda yake ni R-Instat, ambayo mbele ina menyu na nyuma ina R inayofanya hesabu, huku kila kitufe kinachobonyezwa kikiandika amri ya R inayoweza kuhifadhiwa na kurudiwa.

Tatizo la kwanza la uhamisho lilikuwa umbo la data. Katika Instat kila mwaka ulikuwa safu moja yenye mistari 366, hata kama mwaka wenyewe una siku 365, na katika mwaka mfupi mstari wa 29 Februari ulijazwa namba 9988 kama alama ya kuonyesha kwamba siku hiyo haipo. Programu mpya isiyofahamu desturi hiyo huisoma alama kama milimita za mvua, na mwaka wa milimita 700 hugeuka kuwa mwaka wa milimita 10,688. Kosa la ukubwa huo halina madhara makubwa, kwa kuwa halimpiti mtu yeyote mwenye macho. Lenye hatari ni lile linalozaliwa pale mhamishaji anapoufuta mstari huo na kusonga mbele, kwa sababu hapo 1 Machi, ambayo ni siku ya 61 katika hesabu ya Instat, huwa siku ya 60, na kila tarehe inayofuata hurudi nyuma kwa siku moja katika miaka mitatu kati ya minne. Hesabu ya kawaida ya R hufanya hivyo hivyo. R-Instat ndiyo iliyobakiza safu ya siku 366, uamuzi ambao kijana aliyesomea programu peke yake angeuona wa kizamani, lakini ndio unaoziwezesha ripoti za zamani kulinganishwa na mpya.

Kwa mkoa kama Singida lipo jambo jingine, kwani msimu huvuka mwaka. Ikiwa mvua zilianza 28 Desemba katika msimu mmoja na 5 Januari katika msimu mwingine, namba za siku hizo ni 363 na 5, na wastani wake ni 184, yaani 2 Julai, katikati ya kiangazi. Mwaka ukianza kuhesabiwa 1 Agosti, siku hizo huwa ya 150 na ya 158, na wastani wake, 154, ni 1 Januari. R-Instat ina mahali pa kuchagua mwezi wa kuanzia, na asiyechagua hupewa majibu bila onyo.

Neno “mwanzo wa mvua” nalo linahitaji kanuni. Mojawapo inayotumika sana husema ni siku ya kwanza, baada ya tarehe iliyowekwa, ambapo zimenyesha zaidi ya milimita 20 ndani ya siku moja au mbili, bila ya kufuatiwa na ukame wa siku kumi au zaidi katika siku 30 zinazofuata. Kanuni hii humkinga mkulima na mvua ya kudanganya inayootesha mbegu kisha kuiacha ikauke. Siku ambayo kipimo hakikusomwa ikiandikwa sifuri, huhesabiwa kuwa siku kavu, na mwanzo wa kweli hukataliwa kwa ukame ambao haukuwapo.

Wala R yenyewe haitulii: toleo la 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadili njia ya kuchagua sampuli kwa bahati nasibu, na la 4.0.0 la mwaka 2020 likaacha kuyageuza maneno kuwa makundi bila kuombwa. Kwa hiyo chuo kinachohama hakina budi kuendesha programu mbili sambamba juu ya kituo kimoja chenye kumbukumbu ndefu, kisha kusoma tofauti zinazotokea. Tofauti ya siku moja inayojirudia katika miaka mifupi tu chanzo chake ni Februari. Tofauti ya wiki kadhaa katika mwaka mmoja huashiria siku zisizo na kipimo. Na tarehe ya wastani ikiangukia Julai, aliyeendesha hesabu hakuchagua mwezi wa kuanzia.