Pongezi kwa Shakila, Sauti ya Usiku wa Tanga

Kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994, usiku wa Tanga ulikuwa mikononi mwa waimbaji wa taarabu, na kwangu hakuna aliyeushika kama Shakila Saidi, binti wa Pangani. Aliimba katika Black Star, kisha Lucky Star, vikundi vilivyothubutu kuipa taarabu gitaa la umeme na besi, watu wakainuka vitini kucheza. Hakupayuka. Alilivuta neno taratibu hadi aliyeumizwa na mapenzi akajiona ametajwa yeye. Baadaye alihamia kikundi cha taarabu cha jeshi, JWTZ, Dar es Salaam. Alifariki Agosti 2016. Vijana wa Tanga mnaoshika maikrofoni leo, sikilizeni wimbo wake “Kifo cha Mahaba” mpaka mwisho, mjifunze kutamka.