Filamu ya Sully: shujaa tunamuona, mshahara wake hatuuoni



Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita hapa Kasongo mbele ya kompyuta moja, tunaangalia Sully, ile filamu ya Clint Eastwood ya mwaka 2016. Mnaijua: tarehe 15 Januari 2009, Airbus A320 inagonga kundi la bata bukini juu ya New York, mashine zote mbili zinakosa nguvu, rubani anaishusha kwenye maji ya mto Hudson. Watu 155, wote wanatoka wazima. Tom Hanks anacheza vizuri, yeye sina la kumlaumu.

Ninayemlaumu ni mtengeneza filamu. Anatumia wakati mwingi kuonyesha wachunguzi wanamhoji rubani sawa mshtakiwa, na wachunguzi wenyewe walilalamika kwamba haikuwa hivyo. Shida ya pesa inapita kidogo tu, kwenye simu na bibi yake. Lakini Februari 2009 rubani wa kweli, Chesley Sullenberger, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani akasema mshahara wake ulikatwa asilimia 40 na pensheni yake ikafutwa. Msaidizi wake, Jeff Skiles, alishakuwa kapteni. Kampuni ilipopunguza kazi, akarudishwa kiti cha msaidizi. Hiyo hesabu njo ningetaka kuiona.

Filamu ilipoisha, mabishano yakaanza. Mmoja akasema: “Rubani anapata mingi, analia nini?” Tuelewane kwanza. Kwenye makampuni makubwa ya Marekani, bei ya saa ya rubani inafuata vitu vitatu: ukubwa wa ndege, kiti anachokalia, na miaka aliyofanya pale. Akihamia kampuni ingine, hata awe na mvi, anaanza chini ya orodha.

Mimi mtu wa udongo, lakini nina maoni. Miaka ya kazi ni ngao: mkubwa hawezi kumpandisha mpwa wake juu ya wengine. Kwetu tunajua namna mpwa anavyopanda! Ila ngao hiyo inamfunga mtu pahali pamoja. Ukubwa wa ndege nao unadanganya. Anayetua na ndege ndogo kwenye kiwanja cha udongo, mvua ikinyesha, kazi yake si nyepesi juu tu abiria ni wachache.

Msiseme haya ni mambo ya wazungu. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma na chama chao, KALPA. Walidai mshahara uliozuiliwa wakati wa Covid, na mchango wa kampuni kwenye mfuko wao wa kustaafu. Safari zikafutwa, maelfu ya abiria wakakwama, mahakama ikawaamuru warudi, na tarehe 9 walikuwa kazini. Watu wengi waliwaita wachoyo. Tuliuliza wanapata ngapi. Wachache waliuliza kama walichoahidiwa kimelipwa.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kwenda Kabambare kuangalia mashamba ya mihogo. Nililala kwa rafiki tuliyesoma naye. Ni mwaka wa nne anafundisha na bado ni N.U.: darasani yuko, kwenye orodha ya malipo hayuko. Wazazi wa watoto wanamwita shujaa. Usiku, taa imezimwa, akaniambia: “Ndugu, wakiniita vile, najua mwezi huu tena hakuna kitu.”

Hapo nikaelewa kwa nini filamu haikunishibisha. Kumsifu mtu ni rahisi, na mara mingi inachukua nafasi ya kumlipa.

Muione, ni filamu nzuri. Lakini ikiisha, msiwashe muziki mara moja. Muulizane kwanza: yule aliyetushusha salama, mwisho wa mwezi alipata nini?