Vyombo Vinavyojua Kupisha

Mbuzi ya kukunia nazi haina wa kuisifu. Ni mbao mbili zilizopishana, moja ikipita katika tundu la mwenziwe, na mbele umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Ikifunguliwa, mtu huikalia akakuna. Nazi ikiisha, mbao hulaliana zikawa bapa, mbuzi ikatundikwa ukutani au kuegemezwa nyuma ya mlango, na pale ilipokuwa pakabaki sakafu tupu. Seremala aliyeichonga alikuwa na maswali mawili mbele yake. La kwanza ni lile la kila fundi: kitu hiki kitafanyaje kazi? La pili ndilo ninalotaka kulisifu hapa, kwa sababu wengi wa wanaotutengenezea vyombo siku hizi wameliacha: kazi ikiisha, kitu hiki kitakwenda wapi? Naamini swali hilo la pili ndilo asili ya nyumba iliyotulia. Tunapolalamika kwamba nyumba imejaa, huhesabu vitu tukaona ni vingi, na mara nyingi ni vingi kweli. Lakini kinachotubana zaidi ni vile visivyopisha, vinavyoendelea kukaa katikati ya chumba saa nyingi baada ya kumaliza kazi iliyovileta.

Ufundi wa vyombo vinavyopisha umeenea katika nyumba za pwani hata ni rahisi kuupita bila kuuona. Tuutazame mkeka kwa karibu. Msusi huchana miyaa ya ukindu, huianika, nyingine huichemsha katika rangi, kisha husuka ukili: utepe wa upana wa vidole vichache, unaokunjwa duara kadiri unavyorefuka. Vipande vya ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka, na ukingo ukatiwa taraza. Kwa kuwa umetokana na tepe nyembamba, mkeka hushonwa kwa kipimo cha mahali utakapotandikwa, na hukunjwa kila siku bila kuvunjika mgongo. Asubuhi husimamishwa pembeni, na chumba kilicholaza watoto kikawa cha kufanyia kazi. Adhuhuri hutandikwa sinia likawekwa katikati. Jioni wageni hukaribishwa juu yake. Chumba kimoja kimefanya kazi ya vyumba vitatu na hakuna aliyejenga ukuta. Sufuria nayo ina akili hiyo hiyo. Sufuria ya Afrika Mashariki haina mkono; ina ukingo tu uliopinda kwa nje, unaoshikwa kwa kitambaa. Asiyeizoea huona ni upungufu, kumbe kwa kukosa mkono ndogo huingia ndani ya kubwa, na hiyo ndani ya kubwa zaidi, hadi seti nzima ikakaa mahali pa sufuria moja. Kikaango chenye mkono mrefu hakitiani na chochote, na kila rafu kinapowekwa huchukua nafasi ya vyombo vitatu. Sinia husimama wima. Marufaa ya kusomea msahafu, ile iliyopasuliwa katika ubao mmoja bila msumari wala gundi, hufumbwa kama kitabu chenyewe. Na susu, ule wavu wa kamba ulioning'inizwa darini, ulibeba vyungu na chakula juu ya vichwa vya watu, mbali na paka na panya, ukaiacha sakafu kwa wenye miguu.

Kwamba nyumba iliyosongwa na vitu huambatana na mfadhaiko wa baadhi ya wakazi wake, hilo limepimwa. Kati ya mwaka 2001 na 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles waliingia katika nyumba za familia 32 za tabaka la kati, ambamo wazazi wote wawili wana ajira, wakapiga picha na kuhesabu. Katika nyumba ya kwanza, vyumba vitatu tu vilikuwa na vitu 2,260 vinavyoonekana kwa macho, bila kugusa vilivyokuwa ndani ya makabati na droo. Gereji tatu kati ya kila nne zilikuwa zimejaa mizigo hata gari halina pa kuingia. Darby Saxbe na Rena Repetti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walipima kotisoli, homoni inayoambatana na mfadhaiko, katika mate ya jozi 30 za wanandoa. Wake walioielezea nyumba yao kwa maneno ya vurugu na ya kazi zisizokwisha ndio ambao homoni hiyo haikushuka ipasavyo kadiri siku ilivyosonga. Nyumba hizo hazikukosa nafasi. Gereji peke yake ni kubwa kuliko chumba anachopanga mfanyakazi wa Magomeni, Dar es Salaam, pamoja na familia yake. Nafasi ilikuwepo, na vitu viliifuata mpaka vikaimaliza.

Hapo msomaji atasema: huo ulikuwa umaskini, tusiuvike kilemba cha ufundi. Wazee walikunja mkeka kwa sababu hawakuwa na kitanda, na susu ilitosha kwa kuwa vyungu vilikuwa viwili. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mfano pekee ungetoka katika nyumba za makuti. Lakini twende Lamu, Pate na Siyu za karne ya 18, kwa waungwana waliofanya biashara ng'ambo ya bahari, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na waliokuwa na vyombo vya kaure kutoka China. Watu hao walikuwa na uwezo wa kujaza nyumba. Vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki upana wa kama meta 3 hivi. Mwenye mali hakuweza kukipanua chumba hata angekuwa na dhahabu kiasi gani. Alichofanya ni kuviingiza vitu ndani ya ukuta. Katika chumba cha ndani kabisa, kile cha faragha ya familia, mafundi walijenga zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa, vimezungushiwa nakshi, kila kimoja na kina chake na upana wake. Bakuli la kaure lilipata nyumba yake, kitabu kikapata chake, na sakafu ikabaki ya kupita.

Kinachonivutia katika zidaka, kupita hata uzuri wa nakshi zake, ni mpangilio wa mambo: mahali palijengwa kwanza, kitu kikaja baadaye. Idadi ya vishubaka ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mwashi kabla jahazi halijatia nanga na shehena mpya. Bakuli lisiloenea haliingii, na la ziada halina pa kukaa. Mwenye nyumba analazimika kuamua palepale, kabla halijazoeleka. Sisi tumegeuza. Tunanunua kwanza, kisha tunatafuta pa kuweka, kisha tunanunua kabati la kuwekea, na kabati lenyewe linakuwa kitu kingine kinachohitaji mahali. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoomboleza katika utenzi wa Al-Inkishafi kuanguka kwa matajiri wa Pate, miongoni mwa alivyovichagua kuonyesha maangamizi ni hivyo vidaka vilivyokuwa na sahani, sasa vimelaliwa na ndege. Mshairi mkubwa hachagui ovyo. Alijua kwamba kwa wasomaji wake kidaka chenye chombo chake kilikuwa alama ya nyumba iliyo hai, na kidaka kilichovamiwa kilikuwa alama ya nyumba iliyokufa.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na haifai kupitwa mbio. Ni nani aliyekunja mkeka? Ni nani aliyefuta vumbi katika kila kishubaka? Mwana Kupona binti Msham, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kumuusia binti yake, aliuweka utunzaji wa nyumba katika mafungu ya mke, sambamba na utiifu kwa mume. Na katika majumba ya mawe, mikono iliyochota maji na kufagia ilikuwa mingi yake ya watumwa; utumwa haukuondolewa kisheria Unguja hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Anayesifu zidaka bila kuitaja mikono hiyo anasifu nusu ya nyumba. Ninakubali hilo lote, na bado nasema ufundi wenyewe hauhitaji mtumwa wala mke mtumishi. Tazama uzito wa vitu. Mkeka hukunjwa na mtoto wa miaka saba. Mbuzi hubebwa kwa mkono mmoja. Vyombo vinavyopisha ni vyepesi, na wepesi wao ndio unaowezesha kazi igawanywe: aliyelala akikunje alichokilalia, aliyekuna aitundike mbuzi. Ni samani nzito zilizodumu mahali pamoja ndizo zinazomwelemea mtu mmoja, maana lazima pawe na anayeinama kila siku kupitisha ufagio chini ya kochi asiloweza kulisogeza, na sote tunajua aghalabu huyo ni mama wa nyumba au msichana wa kazi.

Kuna pia hoja ya akiba, nayo inasemwa na watu wenye busara. Akiba haiozi: kopo la maziwa ya unga la leo, kesho ni kipimo cha mchele, na kwa fundi bati ni kibatari. Kumwambia mwenye kipato kidogo atupe kisichotumika ni kumwambia atupe bima yake, na ushauri wa namna hiyo huandikwa na watu wanaojua duka liko wapi na fedha iko mfukoni. Mimi simo katika kundi hilo. Akiba iwekwe. Ila akiba isiyo na mahali haisaidii siku ya shida, kwa kuwa haionekani. Mtu hununua msumari mwingine huku analo kopo zima la misumari chini ya rundo. Wahenga waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame walijua kwamba uvungu ni ghala, na kwamba kilichomo kinafahamika: mwenye kuinama anajua anachokifuata. Kanga inafundisha jambo hilo kwa namna nyingine. Ni doti moja, vipande viwili, lakini huvaliwa, hujitandwa, hubebea mtoto, hufunikia, hutandikwa, na ikichakaa hugeuka nepi, kisha tambara la jikoni. Hutumika mpaka uzi wa mwisho, na wakati wote huo ikikunjwa haizidi ukubwa wa daftari. Hiyo ndiyo akiba ninayoitetea.

Vitu vingine havihitaji kukaa nyumbani kabisa. Sufuria la pilau la watu mia mbili hutumika mara chache katika umri wa familia, na mitaa yetu ililijua hilo zamani: masufuria, majamvi, viti na turubai huazimwa au hukodiwa, harusi ikapita, vikarudi. Ni kweli wahenga hao hao walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini walizungumzia nguo, yaani kile unachokihitaji kila kuchapo. Cha kila siku kiwe chako, cha mara moja kiwe cha mtaa.

Nalipokea pingamizi moja bila masharti. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuketi mkekani, na mgonjwa anahitaji kitanda kisichokunjwa. Kwa hao, kochi na kitanda ni haki, na vipewe nafasi ya kwanza. Ninachokipinga ni seti ya makochi saba na meza ya kioo katika sebule ya meta tatu kwa tatu, ambamo watoto hawana pa kuandikia wala kuchezea, na wageni hupita kwa ubavu. Samani hizo zimenunuliwa kwa ajili ya heshima, lakini mgeni wa pwani siku zote aliheshimiwa kwa mahali pa kukaa palipo safi na wazi. Siku hizi wengi hufuata mafunzo ya Mjapani Marie Kondo, aliyepata umaarufu zaidi kupitia kipindi chake cha Netflix cha mwaka 2019, anayetuomba tushike kila kitu na kujiuliza kama kinatufurahisha. Ni swali jema, ila furaha hubadilika kila jioni. Kwao Japani wazee hawakuishia kwenye hisia. Waliikunja futoni kila asubuhi wakaiingiza katika kabati la ukutani, na mchana ukapata chumba chake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na wa Ngong Road, Nairobi, na vyuo vya ufundi vinavyowalea vijana wa useremala, virudishe lile swali la pili kwenye meza ya kuchorea: meza inayokunjika, kiti kinachotundikwa, kitanda chenye uvungu wa kuingiza kasha. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupigilia kochi, na inastahili kulipwa zaidi. Nawe msomaji, kabla hujamkabidhi fundi malipo ya kwanza, mwambie akuonyeshe mahali ambapo kitu hicho kitakaa wakati hukitumii. Akikosa jibu, usilipe.