Je, Rangi ya Dirisha ni Rasilimali?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazostahili kuangaliwa upya ni "rasilimali". Katika miongozo ya mfumo wa madirisha X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na kuenea katika mitambo ya Unix, neno la Kiingereza linalofasiriwa hivyo hubeba dhana mbili. Ya kwanza ni vitu ambavyo seva huvihifadhi kwa ajili ya programu, kama vile madirisha, fonti na picha. Ya pili ni maagizo ya sura ya programu: rangi, ukubwa wa herufi, upana wa dirisha.

Maagizo hayo huandikwa katika faili ya mtumiaji. Kwanza hutajwa programu na sehemu yake, kisha nukta mbili, kisha thamani. Mstari "XTerm*background: white" unaagiza kwamba rangi ya nyuma ya maandishi katika XTerm iwe nyeupe. Mistari miwili ikipingana, ule unaoitaja programu kwa jina huushinda ule wa jumla. Faili hupakiwa kwa amri ya xrdb, na programu huyafuata maagizo ifunguliwapo upya.

Hebu tumfikirie karani wa Mpanda anayetaka herufi kubwa kwa sababu macho yamechoka. Katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, rasilimali ni misitu, ardhi, dhahabu na wanyama wa hifadhi: mali inayotumika na inayoweza kwisha. Akiambiwa "badili rasilimali za programu", atadhani kwamba kompyuta imepungukiwa kumbukumbu, naye ataomba fedha za kununulia kifaa, ilhali dawa yake ni mstari mmoja tu.

Kwa maoni yetu, hapa limefasiriwa neno, haikufasiriwa dhana. "Rasilimali" ibaki kwa dhana ya kwanza, kwani kumbukumbu ya seva huweza kwisha kweli. Ya pili iitwe "sifa ya sura". Wako watakaosema kwamba msomaji wa miongozo ya Kiingereza atapotea. Pingamizi hilo lina uzito, lakini faharasa yaweza kulijibu. Na Kiswahili hakilazimiki kurithi utata wa lugha nyingine. Walimu na watafsiri wanaombwa waijaribu istilahi hii kazini kabla haijapendekezwa kusanifishwa.