Mwalimu Anayeuliza "Lini?"

Oktoba 2022 Tanzania nzima ilizungumzia matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria. Kati ya wanafunzi 633 wa kundi lile, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Waliosapu walikuwa 342, na 265 walidisko. Waziri wa Katiba na Sheria, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukahamia kwenye lawama: ni za vyuo vikuu, za shule yenyewe, au za wanafunzi? Katika mabishano yale sikusikia mtu akiwataja mawakili wanaopiga pindi jioni huko Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta, wakiwanoa wahitimu wa shahada ya sheria kwa ajili ya mtihani unaowatenga na joho la uwakili. Nataka kumweleza mmoja wao, kwa sababu kazi yake ni ufundi hasa, na ufundi unastahili kutazamwa bila haraka.

Anafundishia Mbagala, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la steshenari. Viti ni vya plastiki, ubao ni mweupe, na feni inazunguka kwa kusuasua. Wanafunzi wake wanafika baada ya kazi, wakiwa wameshuka daladala ya pili au ya tatu, na wengi wana mafaili yaliyojaa madesa waliyorithi kwa waliowatangulia. Yeye huwaomba waweke madesa chini ya kiti. Kisha anagawa karatasi yenye nusu ukurasa wa maelezo na kutoa amri moja: kwa dakika kumi za mwanzo, hakuna kushika kalamu.

Swali nililomwona akilitumia ni la kiwanja cha Chamazi. Mzee alimuuzia mtu mwaka 2009, wakaandikishana mbele ya mjumbe. Mwaka 2011 mtoto wa mzee akakiuza tena kwa mtu mwingine, naye akajenga msingi na kuhamia mwaka huohuo. Mnunuzi wa kwanza amefika kwa wakili mwaka 2024. Mshauri.

Dakika kumi zikaisha na mikono ikainuka. Dada mmoja akasema mnunuzi wa kwanza ndiye mwenye haki, kwa kuwa mtoto hawezi kuuza kisicho chake. Aliongea vizuri, kwa hoja iliyopangika. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja: "Lini?"

Kimya. Wakarudi kwenye karatasi. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi, miaka 6 kwa madai ya mkataba, miaka 3 kwa madai ya madhara. Kutoka 2011 hadi 2024 ni miaka 13. Isipokuwa kama kuna sababu ambayo sheria yenyewe inaitambua, shauri la mnunuzi wa kwanza limepitwa na wakati kabla halijafunguliwa. Mwanafunzi anayeanza na nani mwenye haki angejaza kurasa nne za kuvutia na kumpeleka mteja wake kwenye gharama zisizo na matunda.

Swali lake la pili huwa "Wapi?" Kijana mmoja akajibu kwamba wangeanzia Baraza la Kata, likaamua, kisha wakate rufaa. Hivyo ndivyo desa lake lilivyosema, na zamani lilikuwa sahihi. Lakini marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakayaachia usuluhishi. Uamuzi unaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwalimu hakumkemea. Alimwomba asome kifungu kwa sauti, kisha akisome tena, na mara ya pili kijana akasimama mwenyewe kwenye neno lililobadilika. Hapo nikaelewa kwa nini madesa yanakaa chini ya kiti. Desa humpa mwanafunzi jibu la mtu mwingine kwa swali la mwaka mwingine.

Jioni nyingine niliyokaa naye alifundisha hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo Jaji Mwalusanya aliitoa Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990. Kila mhitimu wa sheria nchini anaijua kwa jina, na anaweza kukuambia kwamba ilimpa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwalimu alikataa kuanzia hapo. Aliwataka wasimulie tukio bila kusema nani alishinda: Holaria Pastory alirithi ardhi kwa baba yake kwa wosia, Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000, ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kuomba mauzo yabatilishwe. Ndipo akauliza "Lini?" tena. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini ilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Ardhi iliuzwa miezi mitano baadaye. Wanafunzi waliokuwa wakiikariri hukumu ile tangu mwaka wa kwanza walianza kuona jinsi jaji alivyopata mlango wa kupitia, na kwamba mlango huo ulikuwa umefunguliwa muda si mrefu.

Kuna ufundi mwingine ambao mgeni anaweza asiuone. Wanafunzi hawa walisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza, na tangu 2021 sheria inatamka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku masomo ya sheria yakiwa bado yamezoeleka kwa Kiingereza. Mwalimu huwataka waeleze hoja kwanza kwa Kiswahili, kana kwamba wanamweleza shangazi aliyefika na hati yake ya mauziano. Wakieleweka, ndipo waandike kwa Kiingereza. Anayeshindwa hatua ya kwanza hajaelewa hoja, na Kiingereza kizuri kisingemwokoa. Kwa njia hiyo anatenganisha matatizo mawili ambayo mwanafunzi huyahisi kama moja.

Karatasi anazosahihisha hazina alama za vema wala mkasi. Pembeni ameandika maswali: Umejuaje? Kifungu kipi? Nani alikuwepo? Kwenye zoezi la hati ya kiapo anafuta kila sentensi yenye maoni au hoja ya kisheria, na anakumbusha kwamba shauri la Matovu la Uganda, mwaka 1966, lilishaweka wazi kuwa kiapo ni mahali pa ukweli wa tukio, si pa mabishano. Kisha anashuka hadi mwisho wa ukurasa kutazama kama mahali na tarehe ya kuapa vimeandikwa. Kama fundi cherehani anayepima kabla ya kukata, hamruhusu mtu kuanza na sehemu inayopendeza.

Wapo wanaoiona tuisheni ya aina hii kuwa aibu kwa mtu mwenye shahada. Mimi naona kinyume. Chuoni ukumbi mmoja unaweza kubeba mamia ya wanafunzi, na mhadhiri hana namna ya kumsikiliza kila mmoja akikosea. Ustadi huu unahitaji mtu mmoja kumsikiliza mwingine hadi mwisho, kisha kumrudisha kwenye karatasi. Anayetafuta mwalimu wa kumwandaa asiulize ana madesa ya miaka mingapi. Amwombe asahihishe jibu moja, aone atarudishiwa nini. Akirudishiwa maswali, abaki. Maana baada ya mtihani kuna Mbagala yenyewe, yenye viwanja vilivyouzwa mara mbili na mirathi isiyogawanywa, na watu wake watahitaji wakili atakayeuliza "Lini?" kabla ya kupokea fedha yao.