Sauti Nyingi, Karatasi Chache: Kiswahili katika Sanaa Zinazopendwa Mjini Goma

Utangulizi

Wahakiki wa sanaa za Kiswahili wamezoea kutazama upande mmoja. Taarabu ya Unguja na Mombasa, muziki wa dansi wa Dar es Salaam, riwaya za Tanzania na tamthilia za Kenya zimeandikiwa makala mengi, na inafaa iwe hivyo. Hata hivyo, Kiswahili hakiishii kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mjini Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lugha hii ndiyo ya sokoni, mtaani, kanisani na nyumbani. Ni lugha ya mji uliobanwa kati ya Ziwa Kivu na mlima wa moto wa Nyiragongo, na ambao mpaka wake na Gisenyi, Rwanda, huvukwa kwa miguu.

Makala haya yanachunguza yale yanayopendwa na wakazi wa mji huo katika nyanja nne: muziki, burudani za usiku, sanaa za maumbo, na majarida. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha Goma kinasikika kwa nguvu katika muziki na burudani, kinaonekana kwa jina katika maumbo, na karibu hakimo katika majarida. Pengo hilo si jambo dogo. Sanaa isiyo na karatasi huwa mashakani pindi msanii wake anapoondoka, na Goma ni mji ambamo msanii anaweza kuondolewa kwa risasi.

Muziki: njia mbili za umaarufu

Msanii wa Goma aliyefika mbali zaidi ni Innocent Balume, ajulikanaye kwa jina la Innoss'B. Alizaliwa mjini humo mwaka 1997, akashinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto, na mwaka 2019 akapata umaarufu wa bara zima kwa wimbo wake Yo Pe. Mwaka huohuo wimbo ulitolewa upya akishirikiana na Diamond Platnumz wa Tanzania. Kwa mhakiki wa Kiswahili, mfano huu una mengi ya kufundisha. Jina la wimbo ni la Kilingala, lugha ya Kinshasa na ya muziki wa Kongo tangu enzi za rumba. Kiswahili kilipopewa nafasi kubwa katika toleo la pili, kilikuja na sauti ya Dar es Salaam. Kijana aliyekulia katika mji wa Waswahili amefika katika soko la Waswahili kupitia lugha ya magharibi ya nchi yake na kwa msaada wa msanii wa mashariki. Kiswahili cha kwao, chenye batoto na bitu mahali pa watoto na vitu, kilibaki nyuma ya jukwaa.

Hilo si kosa la msanii. Soko la muziki wa Kongo lilijengwa Kinshasa, na soko la muziki wa Kiswahili lilijengwa Dar es Salaam na Nairobi. Goma ipo katikati na haimiliki lolote kati ya hayo. Mwimbaji atakaye kuishi kwa kazi yake hana budi kuazima.

Njia ya pili ni ile ya Delphin Katembo Vinywasiki, aliyejulikana kama Delcat Idengo, mwimbaji kutoka eneo la Beni. Yeye hakuazima. Aliimba juu ya mauaji ya raia, juu ya serikali, juu ya askari wa Umoja wa Mataifa na juu ya vikundi vya silaha, na Kiswahili alichokitumia ni kile ambacho mama muuza mihogo hukielewa bila kufasiriwa. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Mnamo Februari 13, 2025, wiki chache baada ya mji kuingia mikononi mwa kundi la M23, aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Goma.

Kifani, nyimbo za aina hii hazina mapambo mengi. Nguvu yake imo katika kutaja. Ambapo msanii wa tamasha husema vita ni vibaya, Idengo alitaja nani, wapi na kwa faida ya nani. Mhakiki anaweza kumlaumu kwa ukali, na pengine kwa kuwahukumu wengi kwa pamoja. Hawezi kumlaumu kwa kutoeleweka.

Tofauti hii inagusa tatizo pana zaidi. Baada ya vita vya mfululizo, mashirika ya misaada yamekuwa mlezi mkubwa wa sanaa mjini Goma. Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake Necessary Noise cha mwaka 2016, ameonyesha jinsi ulezi huo unavyoweza kumfunga msanii: mwenye fedha huleta ujumbe, na msanii hutakiwa kuuimba. Ndipo neno amani linaporudiwa hadi linapoteza makali yake. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji wa filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimejaribu kuwapa vijana nafasi ya kujisemea wenyewe kwa muziki, dansi na filamu. Kundi la Goma Slam Session nalo limewapandisha jukwaani washairi wa kughani wanaochanganya Kifaransa na Kiswahili. Katika ghani hizo mchanganyiko wa lugha una kazi yake: Kifaransa mara nyingi huwa lugha ya hoja na ya sheria, na Kiswahili huja pale ambapo msemaji anataka kumgusa msikilizaji kifuani.

Burudani: usiku uliohamia mchana

Usiku wa Goma huchezwa katika nganda, yaani vilabu vya mtaani vyenye viti vya plastiki, chupa za Primus na spika kubwa kuliko chumba. Hapo rumba ya Kinshasa hufuatwa na Bongo Fleva, na Bongo Fleva hufuatwa na muziki wa Nigeria. Anayetaka kujua hali ya lugha Afrika ya Kati angeweza kujifunza mengi kwa kuhesabu nyimbo za jioni moja. Kilingala kinaingia kama lugha ya anasa, na Kiswahili sanifu kama lugha ya mapenzi. Kiswahili cha Goma chenyewe hubaki katika maneno ya wanywaji.

Hata hivyo, usiku wa mji huu haujawahi kuwa mali ya wachezaji peke yao. M23 waliingia kwa mara ya kwanza Novemba 2012 na kukaa siku kumi na moja hivi. Mei 2021 serikali ilitangaza utawala wa kijeshi katika jimbo lote. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitekwa tena, na benki zikafungwa. Kila tukio la namna hii huanza kwa kuwarudisha watu nyumbani mapema. Ndiyo maana burudani kubwa za Goma zimezoea jua. Tamasha la Amani, lililofanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 baada ya kuahirishwa mwaka 2013 kwa sababu ya mapigano, liliwakusanya maelfu ya watu katika uwanja wa shule, zaidi mchana, kwa kiingilio cha dola moja. Uchaguzi wa saa na wa bei ulikuwa wenyewe ni tamko: burudani ni ya wote, na kila mtu afike kwake salama.

Tatizo la tamasha hilo, kwa jicho la lugha, ni lile la mlango na nyumba. Jina lake ni la Kiswahili, lakini matangazo na maelezo yake yameandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kifaransa. Ndivyo ilivyo pia kwa tamasha la filamu la Salaam Kivu. Kiswahili kimeandikwa juu ya mlango, na mgeni akiingia ndani anakaribishwa kwa lugha nyingine.

Maumbo: jiwe jeusi na baiskeli ya mti

Katika sanaa za maumbo, Goma ina mtindo wake ambao hakuna aliyeubuni mezani. Mlipuko wa Januari 17, 2002 uliteremsha mto wa moto katikati ya mji hadi ziwani. Wakazi walirudi, wakavunja ujiji uliopoa, na wakajengea jiwe lilelile lililowaangamizia nyumba. Kuta za jiwe jeusi zilizochorwa mistari ya saruji ya kijivu ndizo alama ya mji. Mlipuko wa Mei 22, 2021 uliikumba tena pembezoni mwake. Urembo huu umetokana na ufukara na ukaidi pamoja, na mhakiki akiuita mapambo atakuwa amesema nusu tu.

Chombo kipendwacho zaidi ni chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili linalosukumwa kwa mguu na kubeba magunia ya viazi, makaa na kabichi kutoka milimani. Mwaka 2009 ilizinduliwa sanamu ya msukuma chukudu, yenye rangi ya dhahabu, katika mzunguko mmoja wa barabara. Ni heshima inayostahili, kwani ni nadra mchukuzi kuwekwa mahali pa jemadari. Lakini dhahabu ina hila. Sanamu inang'aa na haina jasho, wala haimwonyeshi mtazamaji barabara mbovu zinazofanya chukudu ihitajike. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kazi ngumu imepakwa rangi ili ijiuze.

Neno chukudu lenyewe limo katika kinywa cha kila mkazi, kama lilivyo kikwembe kwa vazi la kitenge. Msamiati wa ubunifu upo. Ambacho hakipo ni mahali ulipoandikwa.

Majarida: nyumba isiyo na mwenyewe

Hapa ndipo kiini cha tatizo. Kazi za kuchapishwa za Goma ni za Kifaransa kwa kiasi kikubwa mno. Taasisi ya Pole, iliyoanzishwa mwaka 1997, imetoa jarida la Regards Croisés, ambalo limekuwa na uchambuzi wa thamani juu ya vita, ardhi na utambulisho. Ni jarida la wasomi, na lugha yake ni ya wasomi. Kiswahili kimeachiwa redio: Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa zinazotajwa na katiba ya mwaka 2006, ikiwemo Kiswahili. Msikilizaji anahudumiwa, lakini msomaji hana pa kwenda.

Huenda ikasemwa kwamba Kiswahili cha Kongo si cha kuandikwa, kwa kuwa kimeachana mno na usanifu. Historia inapinga. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, sasa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, na kazi hiyo ikapigwa chapa ya mkono kwa ajili ya chama chao. Johannes Fabian aliichapisha na kuichambua mwaka 1990. Inafaa kuangalia kinyume kilichopo: Yav aliipa kazi yake jina la Kifaransa, kisha akaijaza Kiswahili. Matamasha ya Goma yamefanya jambo hilo kichwa chini miguu juu.

Mifano ya karibu zaidi haikosekani. Kinshasa, kuanzia mwaka 1990, Papa Mfumu'eto alichora na kuuza mitaani vitabu vya katuni kwa Kilingala cha watu wa kawaida, bila kungoja ruhusa ya wasomi. Nairobi, jarida la katuni la Shujaaz lilianzishwa mwaka 2010 kwa Sheng na kusambazwa bure kwa vijana. Tanzania ilikuwa na Femina tangu mwaka 1999. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi iliyokidhi kipimo cha Kiswahili cha kamusi au cha Kifaransa cha chuo. Zote zilisomwa.

Hoja ya pili ya upinzani ina uzito zaidi: kwamba kanda na simu zimeshahifadhi nyimbo, hivyo karatasi haihitajiki. Ni kweli kwamba sauti ya Idengo ingalipo. Lakini wimbo uliorekodiwa husikilizwa, na mara chache husomwa darasani, kulinganishwa na mwingine au kubishiwa mstari kwa mstari. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kampala anaweza kuimba Yo Pe yote, lakini hana ukurasa mmoja wa ushairi wa Goma wa kuweka mbele yake. Uhakiki huhitaji matini. Pasipo matini, msanii hukumbukwa kwa kifo chake kuliko kwa kazi yake.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na Kiswahili kinasifiwa kama kiungo cha jumuiya hiyo. Wahariri wa mashariki wakiingia Goma na kalamu nyekundu, wakibadilisha kila batoto kuwa watoto, watachapisha kitu safi ambacho si cha wenyeji. Kuchapisha ni kupokea tahajia, sarufi na mchanganyiko wa lugha kama vilivyo, pamoja na maelezo pembeni kwa msomaji mgeni.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba ladha ya Goma si maskini. Mji una waimbaji, washairi wa kughani, wajenzi na mafundi wenye mtindo wao, na una hadhira inayolipa dola moja kukaa juani. Upungufu umo katika kupokea, na unawahusu wasomi kuliko wasanii. Idara za Kiswahili zinazofundisha utenzi ulionakiliwa kwa herufi za Kiarabu zinajua vyema kwamba mwandiko ndio uliouokoa. Kazi ya kunukuu nyimbo na ghani za Goma, kwa idhini ya wenyewe na kwa lugha yao, haihitaji kiwanda wala mfadhili mkubwa. Inahitaji wanafunzi wachache wenye masikio mazuri, na jarida moja lililo tayari kuwapa kurasa. Mali bila daftari hupotea bila habari.